Data Zetu Zisilale Nyumba Moja

Hotuba iliyotolewa mjini Kigoma mbele ya walimu wa TEHAMA, wahasibu wa vikundi vya kuweka na kukopa, mafundi kompyuta na vijana wa mwalo wa Kibirizi. Imewekwa hapa kama ilivyozungumzwa, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa. Wazee wangu mnisamehe nisitaje mmoja mmoja, maana tutafika magharibi hatujaanza.

Nani anakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Mikono juu. Naona wenye steshenari wameinua mikono miwili. Intaneti ilikuwa inatambaa. Picha haishuki, barua pepe haiendi, unatazama kile kiduara kinazunguka mpaka kizunguzungu kinakushika wewe. Kilichotokea ni kwamba nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, karibu na pwani ya Afrika Kusini. Nchi nyingi za mashariki mwa Afrika zikayumba, na sisi tukiwemo.

Siku zile nilizungumza kwa simu na mwalimu mmoja wa Kasulu. Alikuwa anahangaika kufungua orodha ya wanafunzi wake, na haifunguki. Sasa nisikilizeni vizuri. Mwalimu yuko Kasulu. Wanafunzi wako Kasulu. Majina aliyaandika yeye mwenyewe, kwa kompyuta iliyo mezani pake. Lakini orodha yenyewe inalala ng'ambo, na kila akiitaka ni lazima ivuke bahari kuja kumsalimia. Waya ukikatika baharini, mwalimu wa Kasulu hajui tena wanafunzi wake wa Kasulu. Jamani, hii ni akili?

Mtanijibu, mtaalamu, ndiyo maendeleo, kila mtu anatumia wingu, yaani kulaza data kwenye kompyuta kubwa za kampuni, zinazoitwa seva, na kuzifikia kwa intaneti. Sikatai. Mimi mwenyewe natumia. Ni rahisi kuanza, ni nafuu kwa mtu mdogo, na wahandisi wanaolinda zile seva ni hodari kuliko mimi na kuliko fundi yeyote tuliyenaye hapa. Amazon, Microsoft na Google peke yao wanachukua zaidi ya nusu ya pesa zinazolipwa duniani kukodi seva za namna hiyo, na hawakufika hapo kwa uchawi. Barani kwetu wote watatu wamejenga Afrika Kusini: Microsoft mwaka 2019, Amazon mwaka 2020 pale Cape Town, Google mwaka 2024 pale Johannesburg. Ninachokuja kusema leo ni kidogo, na nitakirudia mpaka mchoke: kitu usichoweza kukikosa hata siku moja, usikilaze nyumba moja tu. Tena nyumba ambayo ufunguo wake huna.

Maana hata nyumba kubwa huanguka. Tarehe 4 Oktoba 2021 wengi mnaikumbuka kama siku WhatsApp ilipozima. WhatsApp, Instagram na Facebook, zote, kwa saa sita hivi. Hakukuwa na mdukuzi. Wahandisi walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida, amri moja ikakata mawasiliano kati ya vituo vyao vyote, na njia za kuwafikia zikafutika kwenye intaneti. Wakataka kurekebisha. Lakini vifaa vya kurekebishia navyo vilitegemea mtandao uleule uliozima! Ikabidi watu waende kwa miguu yao mpaka ndani ya majengo, na majengo yale yamejengwa makusudi yasiingilike kirahisi. Tarehe 20 Oktoba 2025 ikawa zamu ya Amazon, kaskazini mwa Virginia. Hitilafu kwenye mfumo unaogeuza majina ya seva kuwa anwani, na programu kibao duniani zikasimama. Signal, programu ya kutumiana ujumbe, ilikuwemo. Signal, ndugu zangu, ambayo kwa kutunza siri haina mpinzani. Siri zilibaki salama kabisa, ila hakuna aliyeweza kuzituma. Ilikuwa mpangaji kwenye nyumba ya Amazon, na umeme wa mwenye nyumba ulikatika.

Hizo zilizima zikawaka. Kuna ambayo haikuwaka. Strasbourg, Ufaransa, usiku wa tarehe 10 Machi 2021, moto ulishika kituo cha data cha kampuni ya OVH. Jengo la ghorofa tano likateketea. Wenye mchezo wa kompyuta uitwao Rust wakatangaza kuwa seva zao 25 za Ulaya zimekwenda, na data zake zimekwenda nazo. Mtu alikuwa amejenga ngome kwenye mchezo kwa miezi, kaamka hana hata tofali. Sawa, huo ni mchezo. Lakini kulikuwa na kampuni nyingine, ya watu wa biashara, ambayo ilikuwa imelipia nakala ya akiba. Imelipia! Moto ulipozimwa wakauliza, nakala yetu iko wapi? Ilikuwa kwenye jengo lilelile. Walikwenda mahakama ya biashara ya Lille, na mwaka 2023 wakashinda, wakaamriwa kulipwa fidia. Hukumu walipata. Data je?

Kwa hiyo ukiambiwa "tuna nakala ya akiba", swali lako liwe moja. Inalala wapi? Niitikieni. Inalala wapi? Haya.

Vijana wanaona jambo hili la kutolaza kila kitu nyumba moja ni jipya, la juzi juzi, la akina bitikoini, zile sarafu za mtandaoni. Hapana. Intaneti yenyewe ilizaliwa bila makao makuu. Mwaka 1964 mhandisi Paul Baran, wa taasisi ya RAND ya Marekani, alichapisha utafiti wake. Hofu ya wakati ule ilikuwa vita: bomu la nyuklia likianguka kwenye kituo kikuu cha simu, viongozi watawasilianaje? Jibu la Baran lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulijenga. Msiwe na kituo kikuu. Kila kituo kishikane na majirani kadhaa, ujumbe ukatwe vipande, kila kipande kijitafutie njia. Njia moja ikifa kipite nyingine. Wakubwa wa simu hawakumwelewa. Lakini ni wazo la kukata ujumbe vipande lililobeba ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, mwaka 1969, na ndilo linalobeba ujumbe wako mpaka leo. Barabara zilijengwa za kwenda kila upande. Ni sisi wenyewe tuliokuja kurundika mizigo yote kwenye ghala tatu.

Sasa mama zangu wa vikundi, hapa nawahitaji nyinyi, maana jambo hili mnalijua kuliko mimi. Sanduku la kikundi lina kufuli ngapi? (Ukumbi: "Tatu!") Funguo anakaa nazo nani? (Ukumbi: "Watu watatu!") Na sanduku lenyewe linalala kwa nani? Kwa mtu wa nne. Huyo wa nne ana ufunguo? Hana hata mmoja! Anatunza pesa asizoweza kuzigusa. Hakuna aliyewafundisha kompyuta, na tayari mnatumia kanuni ambayo wahandisi wameiandikia vitabu: anayetunza asiwe anayefungua.

Kuna mitandao ya kutunza mafaili isiyo na makao makuu, nayo inafanya hivyohivyo. Faili lako linafungwa kwa ufunguo hapo hapo kwenye kompyuta yako, kabla halijatoka mlangoni. Kisha linakatwa vipande na kusambazwa kwenye kompyuta za watu wengi wasiojuana. Kila mmoja ana kipande asichoweza kukisoma. Mtandao mmoja unaoitwa Storj ulieleza mpango wake hivi: faili linatengenezewa vipande 80, na vipande 29 vyovyote vinatosha kulirudisha lote. Vyovyote 29. Maana yake kompyuta 51 zinaweza kuzima, kuungua, kuibwa, kunyeshewa, na faili lako lipo.

Na hapa wahandisi wamewazidi kidogo, mnisamehe. Sanduku lenu linataka funguo zote tatu. Mwenye ufunguo wa pili akienda msibani Uvira inakuwaje? Mnacheka kwa sababu mmeyaona. Kikundi kizima kimekaa kwenye mkeka kinatazama sanduku. Hisabati ile ya vipande haijali nani kasafiri.

Tukiwa hapo hapo kwenye vikundi, niwape kisa cha Ujiji. Kikundi kimoja, sitakitaja, kilihamisha mahesabu yake yote kwenye akaunti ya mtandaoni. Kazi nzuri, kijana mmoja aliwafungulia. Akaunti ikawa kwa jina lake na kwa laini yake ya simu. Kijana akahamia Dar es Salaam, laini ikakaa bila kutumika, ikafungwa. Siku ya mgao wanataka kuingia, mtandao unasema: tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Simu ipi? Laini haipo tena. Wakaandika kuomba msaada, wakajibiwa na mashine, kwa Kiingereza. Mhasibu wao, mama mmoja mtulivu sana, akaenda ndani akarudi na kaunta buku lenye jalada la kaki. Ukurasa wa Februari na wa Machi ulikuwa umegandana kwa mawese. Akaubandua polepole kwa ukucha, na watu wakapata haki yao. Mtoa huduma hakuibiwa, hakuungua, hakuzima. Data zilikuwepo salama salimini. Wenyewe tu ndio hawakuwa na njia ya kuzifikia.

Nikasikia watu wakisema, si unaona, turudi kwenye madaftari. Hapana! Daftari nalo ni nyumba moja. Lile la mawese lingeungua, mngekuwa mnagombana mpaka leo. Tunachotaka ni faida ya daftari, kwamba liko mkononi mwetu, pamoja na faida ya kompyuta, kwamba kutoa nakala kumi ni karibu rahisi kama kutoa nakala moja.

Watu wakubwa nao yamewakuta. Wale wanaotengeneza Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi duniani na ulio ndani ya simu zenu za Android, walikuwa wanatunza kazi yao kwa programu ya kampuni moja, BitKeeper, waliyoruhusiwa kuitumia bure. Mwaka 2005 palitokea ugomvi, ruhusa ikaondolewa. Maelfu ya mafaili, watu kila bara, na mwenye nyumba kasema tokeni. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akakaa chini, na ndani ya siku chache Aprili ile akawa na mwanzo wa programu yake mwenyewe, Git. Sifa yake kubwa ni hii: kila anayechukua nakala anachukua historia yote. Hakuna nakala mama ambayo ikipotea basi. Leo ukiichoma seva moja ya Linux, maelfu ya kompyuta duniani zina kila kitu, tangu siku Git ilipoanza kutunza kazi hiyo.

Kuna swali ambalo najua mwalimu wa hisabati pale mbele analo: kama nakala ziko kwa kila mtu, nitajuaje ya kweli ni ipi? Swali zuri. Mifumo hii humpa kila faili alama yake, kama alama ya kidole, inayopigwa hesabu kutoka kwenye maandishi yenyewe. Ukibadilisha nukta moja, ukigeuza 10,000 kuwa 100,000, alama yote inabadilika. Mfumo wa IPFS, alioubuni Juan Benet na ulioanza kutumika mwaka 2015, umesimama juu ya kanuni hiyo. Huulizi "nipe faili lililoko nyumba fulani." Unauliza "nani ana faili lenye alama hii?" Akikupa jirani sawa, akikupa mtu usiyemjua kabisa pia sawa, maana unapima alama mwenyewe. Ila msidanganyike na jambo moja: IPFS haijaahidi kukutunzia. Faili ambalo hakuna hata mmoja aliyeamua kulishika, linapotea. Mtandao hauna makao makuu, lakini lazima uwe na watu.

Kuhusu kushirikiana nguvu za kompyuta, siyo kuhifadhi tu, nitapita haraka. Mwaka 1999 chuo cha Berkeley kilianzisha SETI@home, ambapo mtu yeyote aliweza kuiazima kompyuta yake ya nyumbani isaidie kuchambua mawimbi kutoka angani, kutafuta viumbe wengine. Zaidi ya watu milioni tano walijiunga. Viumbe hawakupatikana; walisimamisha kugawa kazi Machi 2020. Lakini mwezi huohuo, korona ilipoingia, watu walimiminika kwenye mradi mwingine wa namna hiyo, Folding@home, unaochunguza jinsi protini zinavyojikunja, na kompyuta zao za majumbani kwa pamoja zikapita nguvu ya kompyuta kubwa kuliko zote za wakati ule. Za majumbani!

Sasa vijana wa Kibirizi, niwaambie ukweli kabla hamjauza boti. Kuna watu wanapita wanasema nunua kifurushi, weka hela, kompyuta yako au simu yako itakuwa "nodi", yaani kituo kimoja cha mtandao, utalipwa kila siku umelala. Weka watu watatu chini yako upate zaidi. Huo ni upatu. Umevalishwa suti tu. Mitandao ya kweli inayolipa watunzaji ipo, Filecoin ilianza 2020 na inalipa kwa sarafu yake. Lakini wanaofanya kazi hiyo wana mashine za bei mbaya, wanaweka dhamana, na umeme na intaneti yao haizimi. Wewe upo kwa bando. Kila kipande kinachopanda na kushuka kinakula bando lako. Piga hesabu kabla ya kupiga magoti. Mkoa huu kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya taifa, tukiendeshwa na jenereta za dizeli. Hakuna asiyejua hapa maana ya mashine kuzimika katikati ya kazi.

Na walimu, na wenzetu wa zahanati: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za mtoto au mgonjwa huwezi kuzimwaga kwenye kompyuta za watu usiowajua eti kwa sababu zimekatwa vipande. Hizo zibaki kwenye mashine mnazozijua, zikiwa zimefungwa, na anayezifungua ajulikane kwa jina. Jingine, zito kuliko yote niliyosema leo. Kwenye mifumo hii hakuna pa kubofya "nimesahau nenosiri". Ukipoteza ufunguo umepoteza. Hakuna meneja wa kumlilia. Uhuru huu unakuja na kazi, na mtu asiyetaka kazi hiyo abaki kwenye wingu kwa amani, mimi sitamcheka.

Tunafanya nini basi, hapa, kwa pesa tuliyonayo? Napendekeza tuanze na mashine tatu. Moja Mwanga, moja Ujiji, moja Kasulu. Programu inaitwa Syncthing, ni ya bure, na haina seva ya katikati inayobaki na mafaili yako. Mashine zinapeana zenyewe kwa zenyewe, kwa njia iliyofungwa. Mhasibu akiandika Ujiji, intaneti ikiwepo, Mwanga na Kasulu zinapata. Intaneti isipokuwepo, anaendelea kuandika, zitapeana ikirudi. Mashine mbili zilizo kwenye jengo moja zinapeana kwa waifai ya ndani, bila bando hata chembe. Tutaiwekea sharti moja la kuhifadhi matoleo ya zamani, maana kosa nalo husambaa: ukifuta Ujiji, Kasulu nayo inafuta. Hilo wengi hulijua baada ya kulia.

Kwa shule, tuongeze programu ya Kiwix. Unapakua Wikipedia mara moja, ya Kiswahili na nyingine mtakazotaka, unaiweka kwenye kompyuta moja ndogo, na darasa zima linasoma kwa simu na kompyuta za shule bila intaneti kabisa. Siku waya wa baharini ukikatika tena, mtoto wa Kasulu hatajua.

Mashine zenyewe msizinunue mpya. Laptop ya zamani ni bora kwa kazi hii kuliko kompyuta ya mezani, kwa sababu betri yake ikiwa na uhai, umeme ukikatika inaendelea. Jumamosi ijayo nitakuwa hapahapa kuanzia saa tatu asubuhi na mafundi wawili. Kila kikundi kije na watu wawili, siyo mmoja, ili mmoja akihama Dar es Salaam mwingine abaki. Njooni na chaja. Zilizopasuka kioo nazo ziletwe, seva haihitaji kioo.

Nakaribisha maswali. Tuanze na mama pale nyuma, ameinua mkono tangu kwenye kufuli tatu.